Ulezi Uliolala Chini ya Theluji

6 Aprili 1944, Alhamisi

Daftari hili lilikuwa la mume wangu Zinnur alipokuwa akifundisha hesabu. Kurasa za mbele zimejaa makosa ya watoto ambao sasa wako vitani pamoja naye. Mimi naanzia nyuma. Kituo cha matrekta kimenipa daftari jingine la kuandikia hekta na mafuta, na hilo kila mwenye cheo analisoma. Hili nitaliweka kwenye sanduku la spana, chini ya matambara machafu, mahali ambapo hakuna bosi anayetia mkono.

Naitwa Minsilu, nina miaka ishirini na saba. Mwaka wa thelathini na sita nilikuwa mwanamke wa kwanza wa kijiji chetu cha Kuktash kukalia trekta. Picha yangu ilibandikwa kituoni. Mama mkwe wangu, Marfuga, alilia siku ile kama aliyeletewa maiti. Tangu hapo trekta langu namba saba analiita mume wangu wa pili. "Nenda, usimcheleweshe mume wako wa pili, atanuna." Mimi hucheka, lakini hajawahi kulisema kwa mzaha.

Sasa wanaume hawapo na picha haina maana tena. Asipoendesha mwanamke, shamba halilimwi. Tuko wanne kikosini, tuna matrekta mawili, na tunaishi kwenye kibanda cha magurudumu kilomita sita kutoka kijijini. Kiongozi wetu ni Sarbinaz, mwanamke asiyejua kusema neno bila kulifanya amri.

Leo ni siku ya kuoga, kwa hiyo nimerudi nyumbani. Madereva tunapewa gramu mia sita za mkate kwa siku na supu. Kijijini hawapewi kitu mpaka mavuno. Nusu ya mkate wangu nauweka, Alhamisi namletea binti yangu Nazligul. Ana miaka mitano na mkono wake nauzungusha kwa vidole viwili. Mkate namkabidhi Marfuga, maana ndiye mwenye ufunguo wa sanduku la nyumbani.

9 Aprili

Theluji bado. Tumekwangua beringi kutwa. Vidole havikunjiki.

14 Aprili

Tumewasha namba saba kwa mara ya kwanza mwaka huu. Nilizungusha hendeli mara arobaini na moja, nilihesabu. Mara ya arobaini ilinirudishia kwa nguvu ikanipiga kiganja, lakini mkono haukuvunjika. Mwaka jana hendeli ilimvunja Hamdiya mkono, ndiyo maana sasa anakaa nyuma kwenye plau, anainua na kushusha majembe. Hamdiya ni jirani yangu, ni mjane, ana watoto watatu. Anaongea kuliko injini.

Theluji inaondoka kwenye vilima. Kunguru wamerudi.

18 Aprili

Tumefungua mfuo wa kwanza, mstari wa kwanza wa jembe. Zamani za farasi, mkubwa wa ukoo alikuwa akitupa yai kwenye mfuo wa kwanza, ili ardhi ipate kula kabla ya watu. Baba mkwe alipofariki, kazi hiyo aliichukua Marfuga, na watu wanasema mkono wake ulikuwa na heri. Tangu trekta lije hajatupa hata moja. Mwaka ule wa kwanza nilimfuata mwenyewe kumwomba, nikiwa na aibu na fahari pamoja. Akaniambia, "Siweki yai mbele ya moshi." Sikumwomba tena.

Hekta mbili na nusu.

19 Aprili

Leo nitaandika mengi.

Ng'ambo ya korongo kuna hekta arobaini za ulezi. Oktoba iliyopita namba saba lilikuwa likivuta mashine ya kuvunia pale. Beringi ikayeyuka, mimi nikiwa kwenye usukani. Mafuta ya kulainisha yalikuwa machafu na nilijua ni machafu, lakini hayakuwapo mengine. Tulingoja beringi nyingine siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili theluji ikaanguka, ulezi ukiwa bado umesimama. Sasa theluji imeyeyuka, masuke yamelala chini, meusi, lakini punje zimo ndani. Watu wameanza kwenda na mifuko. Mwenyekiti wa shamba la ushirika anaona na anageuza shingo.

Asubuhi Sarbinaz alikuja na karatasi yake.

"Minsilu. Keshokutwa unavuka korongo. Ulezi wote ufukiwe. Lisibaki hata suke."

"Dada, watu wanaokota kule."

"Ndiyo maana. Ule umeshakuwa sumu. Nafaka ikilala chini ya theluji inaoza kwa ndani, wala huioni."

Hamdiya akacheka mpaka akashika mbavu. Nilimwelewa. Mwaka juzi, viazi vya mbegu vilipoletwa, Sarbinaz alisimama mbele yetu akaapa kwamba vimepakwa sumu ya panya, tusithubutu kuvila. Hamdiya alikula vitatu kwa ajili ya njaa tu, akakaa kutwa nzima anangoja kufa, kisha akala cha nne na cha tano. Havikuwa na chochote.

"Tena sumu, dada?" Hamdiya akasema. "Mbona kila tunachotaka kula mnakipaka sumu nyinyi? Mate yetu je, bado tunaruhusiwa kumeza?"

"Safari hii ni kweli. Dada yangu, yule aliyeolewa ng'ambo ya mto, alikula wa hivyo mwaka jana. Alitoka damu puani siku tatu. Nimemzika kwa mikono yangu."

"Dada yako alikufa kwa kifua. Ulituambia mwenyewe."

"Niliambiwa niseme hivyo."

"Basi na hili umeambiwa useme hivi."

 Sarbinaz alinyang'anya mfuko wa Hamdiya uliokuwa umening'inia kwenye kibanda, akaumwaga wote korongoni. Kilo mbili hivi. Hamdiya alimwita jina ambalo siliandiki hata hapa. Mimi nilimchukia Sarbinaz pale pale, kwa moyo wangu wote.

Alipokwisha kwenda, Hamdiya alinishika mkono. Hakuwa akicheka tena.

"Siku nne tu, shoga yangu. Trekta lako si huugua kila wiki? Liugue wiki hii. Siku nne, watu wapate cha kuwafikisha mpaka majani ya kula yaote. Wanangu tangu juzi wanatafuna ngozi ya hatamu."

"Ni miaka kumi gerezani, Hamdiya. Wakati wa vita, wakati wa kupanda."

"Najua. Nisingekuomba kama ningekuwa na mwingine wa kumwomba."

20 Aprili, Alhamisi

Nimeifungua magneto. Ni kifaa kidogo, ukubwa wa nusu tofali, ndicho kinachotoa cheche. Bila hicho trekta ni jiko tu. Niliifunga kwenye taulo pamoja na sabuni nikaenda kuoga kama kila Alhamisi. Nyumbani niliifukia kwenye kasha la unga, ambalo halina unga tangu Januari, nikadhani hakuna atakayelifungua.

Nilisahau kwamba Marfuga hulifungua kila siku kwa mazoea. Alirudi na taulo mkononi, amelishika kama kitoto.

"Mume wako wa pili kakutumia moyo wake?"

"Mama, usimwambie mtu."

"Nimwambie nani? Nina nani wa kuongea naye humu?" Akaitoa kwenye taulo lenye maji, akaifunga kwenye shali yake kavu ya sufi, akairudisha. "Chuma kikipata unyevu kinaota kutu. Hata mimi najua hilo."

Nilimpa mkate. Akaufungia.

21 Aprili

Nimemwambia Sarbinaz magneto imekufa, na trekta la pili ni dogo, halivuki korongo. Alinitazama muda mrefu. Akaandika.

22 Aprili

Kutoka kibandani naona watu ng'ambo ya korongo, wameinama. Wanawake tu na watoto. Wapo kama sitini.

23 Aprili

Wengi zaidi. Kuna waliotoka vijiji vingine.

25 Aprili

Nimeirudisha magneto. Nimesema nimeazima kwenye kikosi cha pili. Namba saba liliwaka mara ya tisa, mvua ikaanza papo hapo. Korongo limejaa maji na trekta haliwezi kupita. Sarbinaz aliipiga teke ngazi ya kibanda mpaka ikavunjika. Amebadilisha mpango: tunapanda ngano upande huu kwanza, shamba la ulezi linangoja hadi Juni lipandwe nafaka ya muda mfupi. Watu wanavuka korongo wamevua nguo, mifuko kichwani.

Nimefurahi. Naandika ukweli: nimefurahi.

27 Aprili, Alhamisi

Kijiji kinanuka uji. Nilipita nyumba saba na nyumba zote zinatoa moshi. Mke wa imamu wa zamani alinisimamisha njiani, yule aliyewahi kutema mate aliponiona nimevaa suruali, akaniwekea mkono kichwani. Hakusema kwa nini. Hamdiya hajui kutunza siri.

Marfuga ana ndoo mbili za ulezi. Nilionja kijiko kimoja. Una uchungu kidogo, na ulimi unawasha.

"Ukiuosha mara tatu unapungua," Marfuga alisema. "Wa kwanza uliniunguza koo kweli. Sasa nimezoea."

4 Mei, Alhamisi

Watu wana nguvu. Watoto wa Hamdiya wanakimbizana uani, jambo ambalo sijaliona tangu Krismasi ya Warusi. Hakuna aliyekufa. Nilimwambia Sarbinaz hivyo, ili nimchome tu. Akasema, "Dada yangu naye alipata nafuu kwanza. Wiki tatu alikuwa akiimba." Hamdiya alikohoa kwa makusudi.

Mwanamke huyu hawezi hata kushindwa kwa heshima.

8 Mei

Hekta nne na robo.

11 Mei, Alhamisi

Nimegombana na Marfuga.

Nilifungua sanduku lake kutafuta sindano, ufunguo ulikuwa umeachwa. Ndani, chini ya shati la harusi la Zinnur, nikakuta mkate wangu. Mkate niliouleta leo upo wote, na wa wiki iliyopita haujaisha, umekatwa vipande vyembamba kama majani, umefungwa kwenye kitambaa safi. Na Nazligul amekaa mlangoni, shingo kama ya kifaranga.

"Mama, mkate huu ni wa nani?"

"Wa nyumba hii."

"Mtoto anakula nini?"

"Anakula."

"Anakula ulezi wa kwenye matope, mkate umeufungia! Unamwekea nani? Mimi nalala na njaa kule ili huyu ale, wewe unaufanya mali ya sanduku?"

Alikuwa ameketi kwenye benchi, miguu haifiki chini vizuri, jinsi alivyopungua. Nilingoja anitukane. Angenitukana ningetulia. Akautoa ufunguo shingoni, maana huwa na wa pili, akauweka mezani.

"Shika. Wewe ndiye mwanamume wa nyumba hii."

Nikampa Nazligul vipande vyote. Alivikumbatia kwa mikono miwili, akamtazama bibi yake kama anayeomba ruhusa. Hilo ndilo lililonikasirisha kuliko yote.

12 Mei

Hasira bado. Miaka minane nimeishi na mwanamke huyu, na hajanipa yai wala neno jema, sasa amefikia kumwibia mjukuu wake. Hekta tatu. Plau ilikwama mara mbili kwa sababu yangu.

18 Mei, Alhamisi

Sikwenda nyumbani. Nimetuma mkate kwa mkono wa Hamdiya, nikamwambia ampe mtoto mwenyewe.

22 Mei

Ngano imeota upande wa kilimani. Hekta nne.

25 Mei, Alhamisi

Hamdiya hakurudi kazini asubuhi. Saa nne alikuja mwanamke mwingine kukaa kwenye plau, akasema binti mkubwa wa Hamdiya anatoka damu puani tangu jana na haikatiki. Sarbinaz alikuwa akimimina mafuta ya taa kwenye tangi. Aliendelea kumimina mpaka yakafurika, yakamwagika chini, lita nzima, naye hajui.

"Kifuani ana madoa?" aliuliza.

"Mekundu. Kama ameumwa na viroboto."

Sarbinaz aliketi juu ya gurudumu. Nilitaka aseme "niliwaambia". Badala yake aliinuka akafunga tangi.

26 Mei

Binti wa Hamdiya amefariki. Miaka tisa.

28 Mei

Nyumba kumi na nne zina wagonjwa. Fizi zinaoza, koo linaziba, damu inatoka hata mdomoni. Amekuja daktari, mwanamke Mrusi aliyehamishwa huku kwa sababu ya vita, analala juu ya meza ya shule. Anapita nyumba kwa nyumba na gari la farasi anakusanya ulezi wote. Na kila anayetoa ulezi anapewa unga wa ngano, kilo kwa kilo. Unga safi kabisa, mweupe. Ulikuwa kwenye ghala la wilaya.

Kwa hiyo unga ulikuwapo. Mwezi wa nne ulikuwapo, na watoto wanatafuna hatamu. Nimeuliza kama kuna dawa. Daktari alisema dawa ni kuacha kula, na kwa wengi wakati umepita. Kupika hakuui sumu hiyo, kuosha hakuiondoi. Ndani ya wiki mbili tatu za mwanzo mtu hujiona mzima, na ndipo anapoendelea kula.

Nimeomba ruhusa niende nyumbani. Sarbinaz alisema, "Nenda. Namba saba nitaliendesha mimi."

28 Mei, jioni

Marfuga yuko kitandani. Amejifunika shali ile ile ya sufi mpaka kidevuni ili nisione shingo. Nilipoifunua nikaona madoa.

Nazligul anayo matatu kwenye mkono wa kushoto. Nimeyahesabu mara kumi.

29 Mei

Nitaandika alivyoniambia Nazligul, kama alivyosema.

"Bibi alinipa kipande asubuhi na kipande jioni. Alisema tukikata vyembamba vinafika Alhamisi. Uji alikula yeye. Alisema uji ni wa wakubwa, nikiugusa atanichapa. Siku ile uliyonipa wote niliumaliza. Kesho yake nikalia, akanipa uji wake kidogo. Halafu Bibi akalia."

Nilikwenda nyuma ya zizi nikajipiga kichwa kwenye ukuta. Sijui jinsi nyingine ya kulieleza.

30 Mei

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

Sauti yake imebaki ndogo, koo limevimba. Nilimsogelea.

"Ungejua ulezi naula peke yangu, ungeacha kula kule kambini. Ungeleta mkate wote. Ungeanguka kutoka juu ya mume wako wa pili akakukanyaga."

"Lakini kama ulijua ni sumu..."

"Sikujua. Sarbinaz alikuja hapa kunikataza, nilimtazama machoni. Nilimwamini nusu. Kwa nusu ile sikumpa mtoto. Kwa nusu nyingine nilikula." Alipumzika. "Tena njaa ilikuwa inauma, Minsilu. Usinifanye mtakatifu."

1 Juni, Alhamisi

Mtoto wa pili wa Hamdiya amefariki. Nilikwenda. Alikuwa akifua nguo za marehemu kwenye beseni, maji mekundu. Nilipiga magoti nikamwambia ni mimi, ni magneto, ningelima siku ile angekuwa na watoto watatu.

Hakuacha kufua.

"Ni mimi niliyekuomba. Ulikataa, nikakushika mkono. Mimi ndiye niliyekuomba, Minsilu. Wangu wamekufa kwa mdomo wangu. Usininyang'anye na hilo uende kulia nalo kwako."

Niliinuka nikaondoka. Mpaka naandika sijui kama alinisamehe au alinifukuza.

3 Juni

Madoa ya Nazligul yamefifia. Anakula mkate wa unga mweupe na kuomba zaidi.

5 Juni

Marfuga alitoka damu kutwa. Nilibadilisha vitambaa ishirini na sita, mwishoni nikapasua shati la harusi la Zinnur kwa amri yake. "Atarudi mwembamba, halitamtosha," alisema.

Saa tisa alasiri aliuliza kama shamba la ulezi limeshalimwa. Nikasema bado.

"Wiki hii kuku ametaga. Yai liko sandukuni. Ukifungua mfuo wa kule, tia yai. Sikukutilia hata moja miaka yote. Nilisema moshi, moshi. Moshi haukuwa na kosa. Niliona wivu. Mimi nilisukuma jembe nyuma ya farasi miaka thelathini na hakuna aliyebandika picha yangu."

Nilitaka kusema kitu. Alinionyesha kwa kidole ninyamaze, nimpe maji.

6 Juni

Mama amefariki alfajiri. Nimemwosha mimi na mke wa imamu. Wanawake wa kwetu hawaingii makaburini, lakini wanaume waliobaki ni wazee watatu na kaburi la leo ni la tano wiki hii. Mzee wa mwisho mwenye nguvu alidondosha sepetu akasema, "Waiteni wanawake wa trekta." Tukaruka uzio, mimi, Sarbinaz na wenzetu wawili, na suruali zetu za mafuta. Tulichimba. Hakuna aliyetema mate.

10 Juni

Hekta mbili.

12 Juni

Amekuja mtu kutoka mjini, ana viatu vizuri na mkoba. Anataka kujua kwa nini hekta arobaini za ulezi hazikufukiwa mwezi wa nne kama mpango ulivyosema. Watu thelathini na mmoja wamekufa Kuktash na lazima apatikane wa kuandikwa kuwa ndiye mwenye kosa. Alituita mmoja mmoja kibandani. Sarbinaz aliingia wa kwanza.

Nilikaa nje kwenye ngazi iliyotengenezwa upya. Nilikuwa nimeamua kusema yote. Nilishamwachia mke wa imamu Nazligul na unga. Kupitia ukuta wa mbao nikamsikia Sarbinaz, sauti ile ile ya amri:

"Magneto iliungua tarehe ishirini. Niliikagua mwenyewe, waya wa ndani umekatika. Hii hapa taarifa, na sahihi yangu. Tarehe ishirini na tano mvua ikafunga njia. Na jambo lingine uandike: niliwaonya watu kwamba ni sumu, hawakuniamini, kwa sababu mwaka juzi niliamriwa niwadanganye kuhusu viazi. Andika na hilo."

"Hilo halihusiki, ndugu."

"Andika."

Sijui kama aliandika. Mimi aliniuliza maswali matatu tu kuhusu mafuta ya taa.

Baadaye nilimkuta Sarbinaz akinawa mikono kwenye pipa.

"Ulijua?"

"Magneto iliyoazimwa kikosi cha pili ina namba ya kikosi cha pili. Ile uliyorudisha ilikuwa na namba yetu, na ilinuka sufi iliyokaa sandukuni."

"Kwa nini hukunikamata?"

"Ningekukamata nani angeendesha? Tena nilidhani labda mko sawa. Nilidhani labda dada yangu alikufa kwa kifua kweli. Nilishalisema mara nyingi mno." Akajifuta mikono kwenye suruali. "Kesho unavuka korongo. Ukitaka kujutia, jutia juu ya trekta. Hatuna mtu wa kukaa bure."

Miezi miwili nimeandika humu kwamba namchukia. Sifuti. Ibaki ilivyoandikwa.

13 Juni

Korongo limekauka. Nilivuka saa mbili asubuhi. Hamdiya alikuwa tayari amekaa kwenye plau, mtoto wake mmoja aliyebaki amemfunga mgongoni kwa kitambaa cha kitani. Hatukusalimiana. Alishika nyenzo ya majembe akangoja.

Shamba lote bado lina nyayo. Za watu wazima, za watoto, nyingine zimekaukia kwenye matope pamoja na vidole vyote vitano. Niliposhuka kuangalia maji ya injini nilikuwa na yai la mama mfukoni, limefungwa kwenye kitambaa cha mkate. Nilisimama mbele ya gurudumu muda mrefu, injini inanguruma. Nilitaka kulitupa kwenye mfuo, mkono haukutaka. Hamdiya aliniona.

Nikarudi kwenye kiti. Hamdiya akashusha majembe. Tukafungua mfuo wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka nyayo upande wa korongo zikaisha.

Jioni nilitembea hadi nyumbani ingawa si Alhamisi, nikalichemsha yai, nikampa Nazligul. Aliuliza kama akate nusu aweke. Nikamwambia ale lote. Ardhi ile imeshakula kabla ya watu, tena imekula vya kutosha.

Leo hekta tatu na nusu.